Jiwe la sabuni jikoni kwangu, mwaka wa pili sasa

Mgeni akiingia jikoni kwangu huku Ihumwa lazima mkono uende kwenye kaunta, anapapasa, anapapasa tena, halafu anauliza hii nini mbona inateleza kama imepakwa sabuni. Namwambia ni jiwe la sabuni lenyewe, ndugu yake na yale mawe ya Kisii wanayochongea viboko na vibakuli kule Tabaka, Kenya. Basi hapo maswali hayaishi, ndo maana leo nimekaa niyaandike yote.

Dodoma tangu Serikali ihamie huku ni ujenzi kila kona na jikoni karibu kila mtu anaweka granaiti. Siisemi vibaya, sisi wenyewe tumezungukwa na majabali ya granaiti, jiwe gumu lile. Ila jiko langu linatazama magharibi na jua la saa kumi la huku mnalijua, nilienda kwa jirani mwenye granaiti iliyong'arishwa jioni moja nikashindwa hata kuangalia kaunta yake, mwanga wote unakurudia machoni. Mi nilitaka jiwe lililotulia. Hili lina rangi ya kijivu kama wingu la mvua, halina mng'ao, lina mistari myeupe michache imepita kama mito kwenye ramani.

Kulipata ndo ilikuwa kazi. Duka la kwanza Dar niliambiwa "dada, hii ndo yenyewe, chukua", jiwe jeusi zuri kweli, nikaomba kipande cha mabaki nije nacho nyumbani kwanza. Usiku nikakata ndimu, nusu nikaifunika juu ya kile kipande nikalala. Asubuhi nimeinua ndimu, nimekipeleka dirishani nikakiinamisha kidogo, pana duara kamili limefifia, ukipitisha kidole panakwaruza wakati pembeni bado laini. Hiyo ilikuwa marumaru, asidi inaila. Nilikasirika sana, maana ningelipa hela yote ile kwa maneno ya muuzaji. Duka la pili nikarudia vilevile, ndimu usiku kucha, asubuhi nimefuta hakuna kitu, nikakwaruza na funguo mstari mweupe ukatokea, nikapiga msasa kidogo ukapotea. Hilo ndo nikalilipia, na bei yake ilikuwa juu ya granaiti kwa sababu slabu, yaani yale mabamba makubwa ya jiwe, zimetoka Brazil.

Sasa kwa nini linakwaruzika hivyo, ndani lina talki, madini yaleyale ya poda. Kwenye kile kipimo cha ugumu cha Mohs cha 1 mpaka 10, talki iko 1 na granaiti inacheza 6 mpaka 7. Slabu za jikoni zina talki kidogo kuliko za kuchongea, zimechanganyika na madini mengine magumu, kwa hiyo usikimbilie jiwe la vinyago ukadhani utaokoa hela, litaisha kwa visu. Lakini pamoja na ulaini huo halinywi maji, granaiti nyingi inabidi uipake dawa ya kuzuia madoa kila baada ya muda, hili halihitaji. Na halijali asidi, ndo maana nchi za watu walikuwa wanatengenezea meza za maabara.

Hapo kwenye asidi ndo nimelipenda zaidi, kwa sababu ya maji yetu. Maji ya Dodoma yana chumvi, yakikauka kwenye jiwe hili yanaacha duara nyeupe kuzunguka bomba, mwezi wa kwanza nilidhani jiwe limeharibika. Siku hizi nachukua ganda la ndimu iliyobaki kwenye kachumbari nasugua, nasuuza, nakausha na kitambaa, imetoka. Ukifanya hivyo kwenye marumaru umeiua. Juisi ya choya imemwagika mara ngapi sijui, ukwaju, nyanya, nafuta tu.

Mafuta ndo yana mjadala. Jiwe likiwa kavu, tone la mafuta ya kupikia linaacha doa jeusi, kwa hiyo wengi wanalipaka mafuta lote ili liwe jeusi sawasawa. Fundi wangu aliniambia "mama, paka alizeti tu, ipo", nikamkatalia, alizeti inachacha halafu inanata na vumbi la huku lote linakuja kukaa hapo. Nilinunua famasi parafini ya maji, ile isiyo na harufu (sio mafuta ya taa jamani!), napaka na kitambaa, naacha nusu saa, nafuta. Mwanzo nilipaka kila wiki, sasa hivi mwezi wa pili sijagusa.

Ukuta wa nyuma ya jiko nimeweka jiwe hilohilo lakini jembamba, sentimita 2, kaunta ni 3. Zamani nyumba ya kupanga nilikuwa na tailizi nyeupe, ukikaanga samaki mafuta yanaingia kwenye grauti, ile ya kuziba kati ya tailizi, mpaka inakuwa ya kahawia, hapa vipande ni viwili tu na mshono mmoja. Ila uzito ujipange, mita moja ya mraba ya sentimita 3 inakaribia kilo 90, kabati za chini ziwe imara kweli. Na fundi akate nje, kwa maji, na barakoa amevaa, vumbi la mawe sio la kuvuta hata siku moja.

Mikwaruzo ipo, siwezi kuficha. Mama mkwe alivyokuja kutoka Kongwa alisonga ugali wa uwele, akaepua sufuria akaiweka moja kwa moja kwenye jiwe, mi nikashtuka nikaenda na kitambaa mbio, akanizuia, "acha mwanangu, jiwe hilo". Kweli moto halikuhisi kabisa, ila alivyoizungusha kusonga tena ikaacha upinde mweupe wa karibu shibiri moja. Nilipiga msasa namba 120, nikamalizia na 220, nikapaka parafini, dakika kumi na tano hivi. Upinde mwingine mdogo karibu na sinki nimeuacha kwanza, nasubiri mwisho wa mwezi nipige yote kwa pamoja.