Siku moja ya daktari wa ngozi, nusu kliniki nusu skrini

Saa 12:20 asubuhi

Sijapiga hata mswaki, na tayari nimeshaangalia mgongo, kwapa na makalio ya watu nisiowajua. Usiku kucha picha huingia kwenye mfumo wetu wa tibamtandao, nami huzipitia alfajiri kabla simu hazijaanza. Leo zipo 31. Tisa hazifai kabisa: giza, ukungu, kidole kimeziba lenzi. Nne zina kasoro mbaya zaidi, zinapendeza. Simu nyingi siku hizi hulainisha ngozi zenyewe mtu anapojipiga kwa kamera ya mbele, na chunusi zilizofutwa ndizo nilizokuwa nazitafuta.

Wote huwaandikia ujumbe uleule. Simama karibu na dirisha mchana, tumia kamera ya nyuma, piga ya kwanza kwa umbali wa mkono ili nione eneo zima, ya pili iwe ya karibu na rula pembeni. Anayefuata hayo hupata jibu siku hiyohiyo. Watu hudhani video ni bora kwa kuwa inatembea. Kwa ngozi, picha moja iliyotulia huishinda video, maana intaneti ikilegea kidogo tu vipele hugeuka viraka vya mraba.

Na rangi ni kesi nyingine. Tulisoma vitabu vilivyojaa ngozi nyeupe, ambako ngozi iliyowaka ni nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huja kama zambarau, kijivu au weusi uliokolea, na kamera ya bei ndogo huumeza wote. Ningekuwa karibu ningeweka kidole tu, nikasikia joto.

Saa 2:00 asubuhi

Kliniki. Wagonjwa 18 kwenye orodha, wengi ni wa rufaa.

Wa tatu ni mama wa makamo aliyekuja kwa ajili ya mabaka ya usoni. Mabaka yenyewe yalishajibiwa kwenye picha: melasma, tatizo sugu lisilo na hatari. Angeweza kubaki nyumbani. Lakini nina mazoea yanayowachosha manesi, kila anayeingia humwambia avue viatu.

"Tatizo ni uso, daktari."

"Najua mama. Nisaidie tu viatu."

Kwenye wayo wa kushoto, karibu na kisigino, kulikuwa na doa jeusi lenye kingo zilizochakaa. Hakujua lina muda gani. Nililiwekea lenzi yangu yenye taa, ile inayokuza mara 10. Ngozi ya wayo ina mistari kama ya alama za vidole, matuta na mifereji. Weusi wa kawaida aghalabu hukaa kwenye mifereji. Huu ulikuwa umepanda kwenye matuta, na hiyo ni dalili ya melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari. Nikampiga ganzi, nikachukua kinyama, kikaenda maabara. Mpaka majibu yarudi sina la kumwambia zaidi ya kwamba tumeliona na tunalifuatilia.

Watu weusi huambiwa saratani ya ngozi haiwahusu. Ni kweli kwamba ni adimu kwetu, ila inapokuja hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hakuna anayepiga picha. Bob Marley yake ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Kwenye skrini huyu mama angenionyesha uso, tungezungumza dakika 12 kuhusu mafuta ya kukinga jua, na tungeagana vizuri sana.

Saa 4:40 asubuhi

Sasa hii ya mzee.

Nilimwona kwa video miezi saba iliyopita, kisha mara ya pili miezi mitatu baadaye. Baka moja jepesi la rangi kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, kavu, na kingo zake zimeinuka kidogo. Haliwashi, haliumi. Nikasema fangasi, nikamwandikia dawa ya kupaka. Mara ya pili nikabadilisha dawa. Kuja kliniki kwake ni safari ya siku nzima, na nilijiona nimemtendea wema kumwepusha nayo.

Leo kaja mwenyewe, bila kupangiwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja unione kwa macho, mwanangu."

Niliponyoosha mkono kugusa lile baka nikajua kabla sijakamilisha tendo. Lilikuwa kavu kupita ngozi iliyolizunguka, kana kwamba jasho halifiki pale, na vinyweleo havikuwepo. Nikanyofoa pamba, nikaisokota ncha, nikamwomba afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila ninapomgusa. Bega, akaonyesha. Kifua, akaonyesha. Kiganja, akaonyesha. Katikati ya baka, kimya. Nikagusa tena, kimya. Mzee kafumba macho, anasubiri kwa uvumilivu, anadhani sijaanza.

Kisha nikapapasa nyuma ya kiwiko, kwenye kile kijifereji ambacho ukijigonga unapigwa shoti hadi kidole kidogo. Mshipa wa fahamu unaopita hapo ulikuwa mnene kama kamba. Upande wa pili ulikuwa wa kawaida. Kwenye kidole chake kidogo kulikuwa na kovu la moto. "Mfuniko wa sufuria," akasema. "Kitambo. Sikusikia."

Ukoma. Gerhard Hansen alimtambua bakteria wake mwaka 1873. Hukua taratibu mno, mtu anaweza kukaa naye miaka mitano au hata 20 kabla dalili hazijajitokeza. Unatibika. Dawa ni tatu kwa pamoja, rifampisini, daposoni na klofazimini, kwa miezi sita au 12 kutegemea ukubwa wa ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani hufanya zitolewe bure tangu 1995. Nilimweleza kwamba mkojo utakuwa na wekundu na ngozi itakuwa nyeusi zaidi, asishtuke, na kwamba akishaanza dawa hatamwambukiza mtu. Wajukuu wasifukuzwe mapajani. Bakteria watakufa. Ganzi ikikaa muda mrefu, hisia hazirudi, na kila mwezi niliompotezea ulikuwa mwezi wa huo mshipa.

Nikamwomba radhi. Akaniuliza radhi ya nini, kwani dawa za fangasi alizitumia vizuri kama nilivyoelekeza.

Tumekubaliana hivi: maswali ya dawa na madhara yake, kwa simu. Kupima hisia na nguvu za mikono, miguu na macho, ana kwa ana kila mwezi, na nimemtafutia mhudumu wa kituo kilicho jirani naye atakayefanya hivyo kwa pamba na vidole vyake, kisha anipigie. Kwa nini sikufikiria hilo miezi saba iliyopita? Daktari bingwa akiwa kwenye skrini, mikono ya mtu mwingine ikiwa kwa mgonjwa. Wala si jambo geni.

Saa 7:15 mchana

Chakula, dakika 20, na daktari wa moyo ambaye hupenda kunichokoza. Kwake sisi wa ngozi tumechelewa kwenye tibamtandao: Willem Einthoven alisafirisha mapigo ya moyo kwa waya wa simu kutoka hospitali ya Leiden, Uholanzi, hadi maabara yake, kilomita moja na nusu, mwaka 1905. Halafu akanitajia ile ya 7 Septemba 2001, daktari wa upasuaji Jacques Marescaux akiwa New York akiongoza roboti iliyomtoa mgonjwa mfuko wa nyongo huko Strasbourg, Ufaransa.

Nikamjibu kwamba kule Strasbourg kulikuwa na madaktari wazima wamesimama kando ya kitanda. Akacheka. Nilikuwa bado namfikiria mzee, kwa hiyo sikucheka sana.

Saa 8:00 mchana

Nafunga mlango, navaa vipokea sauti. Simu 12, dakika 15 kila moja.

Nne za kwanza zinaenda kama maji. Ni vijana wanaotumia isotretinoini kwa chunusi kali: naangalia vipimo vya damu, nauliza midomo inakaukaje na kama wana huzuni, kwa wasichana nathibitisha kipimo cha mimba kwa sababu dawa hii huharibu kiumbe tumboni, basi. Kuwaita hawa wapande gari kwa ajili ya maneno haya ni ubabe. Marudio ya namna hii ndiyo yaliyonifanya niipende kazi ya skrini, na sitaki mtu anisikie nikiisema vibaya kwa sababu ya kosa langu.

Wa tano ni dada anayejibu "ndiyo", "hapana", "ndiyo", macho yanaenda pembeni. Kuna mtu chumbani. Tatizo lake liko sehemu za siri. Nikamwambia kwa sauti ya kuchoka kwamba kipimo hiki hakifanyiki kwa simu, lazima aje. Si kweli sana. Kliniki ina mlango unaofungwa na nesi anayejua kumwambia aliyemsindikiza asubiri nje.

Wa saba ni kijana ambaye faili lake linasema pumu ya ngozi. Amekuja kliniki mara mbili, peke yake, shati limenyooshwa, amepewa krimu ya steroidi mara mbili. Anajikuna bado, hasa usiku. Simu yake imeegemezwa kwenye kitu mezani, na nyuma yake naona sebule. Mtoto anapita anajikuna kiuno. Baada ya dakika mama mtu mzima anakaa kwenye kochi, anasugua katikati ya vidole kwa mkono mwingine, taratibu, kama mtu aliyezoea.

"Nyumbani mko wangapi, na wanaowashwa ni wangapi?"

Akageuka kuwaangalia. Akawahesabu. "Sote, daktari."

Upele, ule wa wadudu. Hajawahi kuulizwa, na chumba changu cha kliniki kina viti viwili tu. Nikawaita wote sita mbele ya kamera na kuwapa maelekezo mara moja: pemethrini asilimia 5 kuanzia shingoni hadi nyayo, kati ya vidole, kitovuni, chini ya kucha, ikae usiku mzima, yaani muda wa saa nane hadi 14, kisha waoge, wote siku moja, nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, warudie baada ya wiki. Kuwashwa kunaweza kuendelea wiki kadhaa hata wadudu wakishakufa, kwa hiyo wasije wakaanza kupaka kila siku. Bibi akauliza kama na yeye ahesabiwe. Wewe wa kwanza, bibi.

Saa 10:10 jioni

Nesi amemrusha mama mmoja mbele ya foleni. Aliandika "vipele vya mtoto", miadi yake ilikuwa ya mwisho. Mtoto ana miaka mitatu, ana homa tangu asubuhi, kalegea mapajani. Madoa madogo yako miguuni, na kwa taa ile siwezi kusema ni ya rangi gani.

"Una glasi ya kioo, isiyo na maua?" Akaleta. "Ibonyeze juu ya doa, kwa nguvu. Tazama ndani. Doa limefifia?"

"Halijafifia."

"Jaribu kwenye kiganja chake." Sehemu zenye rangi nyepesi hudanganya kidogo kuliko nyingine: viganja, nyayo, kaakaa.

"Lipo vilevile."

Homa pamoja na madoa yasiyofifia kwa kubonyezwa ni damu iliyovuja chini ya ngozi, na inaweza kuwa meningokoka, bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huo unaweza kuua ndani ya saa chache. Sikumweleza hayo yote. Nilimwambia aondoke sasa hivi kwenda hospitali iliyo karibu, asisubiri mtu arudi na gari, nikaandika namba ya hospitali na kupiga mwenyewe ili wamsubiri mlangoni. Simu nzima dakika nne.

Kisha nikamwona mgonjwa wa tisa, ambaye alikuwa na mba, na nadhani nilimsikiliza nusu.

Saa 12:30 jioni

Maandishi. Kila simu huandikwa kama kliniki: nilichoona, nilichoshindwa kuona, nani alikuwepo. Ile ya katikati nimeanza kuiandika mwaka huu. Leo kwenye simu 12 nimeandika "sikugusa" mara tano.

Ujumbe wa hospitali: mtoto amepokelewa, antibiotiki zimeanza, yuko chini ya uangalizi. Hawajui zaidi, nami sikuuliza zaidi.

Saa 3:45 usiku

Nilishajiahidi kutofungua kompyuta baada ya chakula cha usiku. Nikafungua faili la mzee.

Nilitaka kuona kama kosa langu lilikuwa la haki. Picha ya kwanza, ya miezi saba iliyopita, ilikuwa nzuri kwa kweli: mchana, karibu na dirisha, baka liko katikati, limetulia. Ndilo nililolitazama wakati ule, na nikilitazama sasa bado linaniambia fangasi.

Nikaikuza picha ili nione vinyweleo. Ilipokuwa ikisogea pembeni, kikatokea kiganja chake cha kulia, kimeletwa mbele ya kifua ili mkono wote uingie kwenye picha. Kwenye kidole kidogo kulikuwa na lengelenge la moto, bichi, bado lina maji.