Kijiti cha Amerika Kusini

Nyumba yetu ya Lamu ilikuwa na birika la kuogea, na ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Sakafuni mwa birika palijengewa bakuli la kaure, ili siku ya kusugua, maji yakipungua, samaki wakusanyike humo wasife. Samaki wa Bibi walistahimili kila kitu: povu la sabuni, kata zilizowaangukia, na sisi watoto. Ndiyo maana binamu yangu aliponiletea samaki kutoka Mombasa mwaka 2015, nilijiona fundi.

Aliniletea Farlowella, kambare wa mito ya Amerika Kusini. Siku hizo mabasi ya Lamu yalikuwa yakisindikizwa na polisi, kwa hiyo alishinda mchana kutwa ndani ya mfuko, kisha akavuka kwa boti kutoka Mokowe. Ukisikia kambare unangojea zee la utelezi lenye masharubu. Huyu alikuwa na unene wa penseli, urefu wa shibiri, rangi ya ukuni mkavu.

"Mato yako wapi?" Bibi akauliza, uso ameubandika kwenye kioo cha tangi. Kisha akaziona ndevu fupi ngumu pande zote mbili za ile pua ndefu. Nikamwambia hizo ni alama ya dume. "Haya, basi mtu mzima."

Binamu alinikanya: huyu maji yake laini, na usimbadilishie ghafla. Nikaanza vizuri, kwa maji ya mvua. Mchana alijibandika kwenye mzizi wa mti bila kutikisika, hata mara nyingi nikimgongea kioo nione kama yu hai (aibu yangu). Usiku akikwangua utelezi wa kijani, au tango nililomfungia jiwe.

Ijumaa moja, mvua zimekatika, maji yakaanza kunuka. Nikateka nusu, nikajaza ya kisima, ndoo juu ya ndoo. Kisima chetu kina chumvi, hata sabuni haitoi povu sawasawa.

Magharibi nikamkuta ameachia kioo. Amelala ubavu kwenye mchanga, kinywa chake cha duara kikifunguka na kufumba mbiombio.

Bibi akachovya kidole, akalamba. "Mai ya kisima haya."

Nikakiri. Nikashika ndoo nimwage yote, akanizuia mkono. "Umemtupa shimoni kwa pupa, na kumtoa pia kwa pupa?" Akaniburutia mtungi wake wa maji ya mvua, aliouweka kwa kunywa na ambao sisi hatukuruhusiwa hata kuuegemea.

Niliuinua mtungi juu ya meza, nikachomeka mpira wa pampu ya hewa, nikaupiga fundo hadi maji yakawa yanadondoka tone kwa tone. Kila mara tangi lilipojaa nilichota kikombe kimoja. Bibi alikaa na tasbihi yake. Mara akihesabu dhikri, mara naamini akihesabu matone. Saa nane usiku samaki aligeuka akalalia tumbo. Sikuthubutu kusema neno.

Alfajiri alikuwa kwenye kioo. Kutoka upande wangu wa kioo niliona kile kinywa kimenata kama kikombe kidogo, kikipumua taratibu.

Asubuhi ile chai ilikuwa na chumvi. Babu alionja, akautazama mtungi uliokauka, akalitazama tangi, akaomba sukari zaidi.