Jiwe Linalokunywa Maji

Binti yangu alitumbukiza jiwe la kunolea kwenye beseni, viputo vikaanza kupanda kimojakimoja. "Baba, kwani jiwe lina hewa ndani?" Nikamwambia lina hewa, na kila hewa inapotoka maji yanachukua nafasi yake. Akaridhika, akaenda zake kucheza. Mimi mawazo yalishafika Carnarvon, korongo lililoko Australia.

Ilikuwa Juni, kipupwe cha jimbo la Queensland, tulipoingia kwenye lile korongo na shemeji na wenzake. Kutoka jiji la Brisbane ni zaidi ya kilomita 700 kwa barabara. Mafuta tulijaza kwenye mji mdogo wa Injune, maana ukishapita pale pori limekumeza. Tulikuwa tumeshalipia nafasi ya kupiga hema Big Bend, kilomita 9.7 ndani ya korongo, mahali pasipofika gari. Kule kuna choo cha shimo, basi. Bomba hakuna, na kuwasha moto wa kuni ni marufuku, kwa hiyo jiko la gesi linaenda na wewe mgongoni.

Shemeji ndiye aliyepanga mizigo. Mfuko wa kulalia chini kabisa, ndani ya nailoni iliyofungwa vizuri. Vizito, yaani chakula na gesi, katikati na karibu na uti wa mgongo, kwa sababu vikikaa mbali vinakuvuta nyuma kila unapopanda. Koti la mvua na chakula cha mchana juu. Njia ile inavuka kijito cha Carnarvon zaidi ya mara ishirini kwa kukanyaga mawe, na kila tulipofika ukingoni alirudia neno lilelile: "Shemeji, fungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani kwanza." Ukianguka umefungwa, mzigo unakukandamiza majini hata kama maji yanaishia magotini. Mawe meusi ya volkano, yaliyoporomoka kutoka juu ya magenge, yamelainishwa na maji na yana utelezi mbaya. Ya mchanga yana mkwaruzo, mguu unashika, ila mengine yanacheza. Unaligonga kwa fimbo kabla ya kulipa uzito wako. Pale maji yalipofunika mawe tuliacha kurukaruka, tukapita ndani ya maji na viatu vyetu miguuni.

Kama kilomita 3.5 kutoka mwanzo wa njia kuna kikorongo cha pembeni wanachokiita Moss Garden. Tulipokunja kona, ubaridi ulitupokea kabla hatujaona kitu. Mbele yetu ukuta mzima ulikuwa unatoka maji. Sisemi maporomoko, ingawa kadogo kapo pale mwisho. Nasema ukuta wenyewe: tone linavimba kwenye uso wa jiwe, linaning'inia kwenye ncha ya jani la kangaga, linaanguka, na palepale lilipotoka linaanza kuvimba jingine. Kuvumwani za kijani kibichi zimetanda pote lilipo tone, na zinakoma ghafla kwenye mstari wa mlalo, kama zulia lililokatwa kwa mkasi. Mstari huo ndio siri yote ya korongo. Juu yake ni jiwe la mchanga, lenye vinyweleo ambavyo mvua hushuka humo polepole, miaka na miaka. Chini yake ni tabaka la mwamba wa udongo uliobanana, lisilopitisha maji. Yakifika hapo hayana pa kushukia, yanatambaa pembeni mpaka yapate uwazi. Ndiyo maana kijito kinatiririka hata wakati wa ukame. Nilisimama pale nikihesabu tone moja kutoka kuvimba hadi kuanguka, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Hakuna aliyeniharakisha.

Kwingine tulipita mbio. Big Bend tulifika jua likiwa nyuma ya genge. Kwenye mchanga vigingi vya hema havishiki, tukafunga kamba kwenye mawe. Maji ya kijito tuliyachemsha mpaka yakatokota sawasawa. Mabegi yaliingia hemani, kwani ndege wa huko, currawong, anajua kufungua zipu kwa mdomo. Usiku baridi iliganda juu ya turubai.

Kurudi, tukiwa tumepungukiwa mizigo, tuliingia Art Gallery. Ni ukuta wa mita 62 wenye michoro na nakshi zaidi ya 2,000: mikono iliyoachwa kivuli kwa rangi ya ardhi iliyopulizwa kutoka mdomoni, boomerang, yaani fimbo zilizopinda za kurusha, na nyavu. Hugusi, unapita juu ya ubao uliotandikwa ili vumbi lisiinuke. Nilipotazama kwa karibu mkono mmoja mdogo, niliona unga mweupe pembeni ya vidole. Ni chumvi. Maji yanayopita ndani ya jiwe huibeba, yakikauka usoni inabaki, inavimba, na ngozi ya jiwe inabanduka pamoja na rangi yake. Maji yaleyale ya Moss Garden.

Shemeji alisema ingefaa maji hayo yachepushwe, hata kwa mfereji mdogo juu ya ukuta. Mimi nikasema wa kuulizwa kwanza ni Wabidjara na Wakaringbal, wenyeji wa asili wa pale, ambao mikono ile ni ya wazee wao, na huenda kwao jiwe kuzeeka si ugonjwa. Akaniuliza, na kama ungekuwa mkono wa babu yako? Sikuwa na jibu. Tulibishana hadi kwenye gari, na mpaka leo tukipigiana simu linaibuka tena.