Ziwa Lenye Paiki Wengi Mno

Tuliondoka Brainerd, mji wa jimbo la Minnesota nchini Marekani, alfajiri, katika wiki ya mwisho ya Mei, tukashika barabara namba 371 kuelekea kaskazini hadi Walker, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Leech. Kutoka hapo tuliingia njia ya changarawe inayopita kati ya misonobari mpaka kwenye ziwa dogo ambalo mwenyeji wangu, mzee aliyevua humo kwa zaidi ya miaka arobaini, aliniomba nisilitaje kwa jina.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma ripoti ya ziwa hilo. Idara ya Maliasili ya Minnesota hutega nyavu katika maziwa mengi ya jimbo, hupima samaki walionaswa na kukadiria umri wao, kisha huweka matokeo wazi kwa umma. Paiki, samaki windaji anayeitwa kisayansi Esox lucius, walikuwa wengi kupita kiasi, nami nikalala na furaha ya mtu aliyeahidiwa mavuno. Ni mzee aliyenionyesha jedwali la urefu, ambalo sikulitazama: karibu wote walikuwa chini ya sentimita 56.

Asubuhi tulipiga kasia polepole kandokando ya magugu machanga, kwenye kina cha mita mbili hivi. Nilifunga kipande cha waya kati ya mshipi na ndoana, kwa kuwa meno ya paiki hukata mshipi mtupu mara moja, nikawa narusha chambo cha bati chenye umbo la kijiko. Paiki hafukuzi windo mbali. Hujibanza kwenye magugu, mwili wake wa kijani wenye madoa meupe ukiwa hauonekani, kisha huchomoka ghafla. Hadi saa nne nilikuwa nimenasa tisa, na hakuna hata mmoja aliyefika nusu mita.

Tulipopumzika ufukweni, mzee alimpasua mmoja wa wale tuliowaweka kwa ajili ya chakula, akatoa mfupa mwembamba uliopinda, ulio nyuma tu ya matamvua, akauchovya katika maji ya moto na kuufuta nyama kwa kidole gumba. Alipouinua kwenye jua niliona mistari ya ukuaji, mmoja kwa kila majira ya baridi, kama miviringo ya gogo lililokatwa. Tulihesabu mitano. Samaki wa sentimita 48, miaka mitano! Nimeshika samaki wengi maishani, lakini sikuwahi kuona njaa ikiwa imeandikwa kwenye mfupa kwa uwazi namna ile.

Chanzo chake kwa sehemu kubwa ni wavuvi wenyewe. Kwa miaka mingi watu walichukua paiki wakubwa na kuwarudisha wadogo, ambao hawapendwi kwa sababu mifupa yao yenye umbo la herufi Y inasumbua kuondoa. Sasa paiki mkubwa hula paiki wadogo. Akiondolewa, wadogo husongamana, hugombania chakula kilekile, na kuwamaliza perchi wa manjano ambao samaki wengine nao huwategemea. Ndiyo maana tangu mwaka 2018 kanuni za ukanda huu zinamruhusu mvuvi kuchukua hadi paiki kumi, ila wote wenye inchi 22 hadi 26, yaani takriban sentimita 56 hadi 66, lazima warudishwe majini, na wanaozidi hapo wasiwe zaidi ya wawili. Naiona kanuni hiyo kuwa ya busara, ingawa haiwezi kuzaa matunda iwapo wavuvi watakataa kula wadogo.

Jioni tulijaribu wolai, samaki mwenye tabaka linaloakisi mwanga nyuma ya jicho, linalomwezesha kuwinda giza likianza kuingia. Tulimpata mmoja tu. Wolai hupendelea kutaga juu ya changarawe na mawe yanayopigwa na mawimbi au mkondo, ilhali sakafu ya ziwa hili ni tope na magugu, hivyo vifaranga wanaopandikizwa huingia moja kwa moja kwenye vinywa vya paiki. Anayemtaka wolai aende Ziwa Leech.

Siku ya pili, karibu na mdomo wa kijito, mshipi ulivutwa kwa uzito tofauti, ukazama taratibu bila kutikisika. Alikuwa jike mpana wa mgongo, na kipimo kilisoma sentimita 63. Nilimshika chini ya tumbo ndani ya maji, sikumnyanyua tena, nikasubiri matamvua yafunguke na kufumba kwa utulivu mpaka alipojisukuma mwenyewe akaelekea kilindini. Mzee alifungua daftari lake lenye kurasa zilizolowa na kukauka mara nyingi, akaandika tarehe na urefu, kisha akanirudishia fimbo ili nitafute mdogo mwingine wa kupeleka jikoni.