Nilivyoripoti hitilafu ya kutafuta maneno hadi ikarekebishwa

Programu ninayotumia kuhariri maandishi ilianza kuruka maneno. Nikitafuta "ng'ambo" katika waraka mrefu, inanionyesha baadhi ya mahali neno hilo lilipo na kuacha mengine, ilhali ninayaona kwa macho. Kwa mhariri hilo ni balaa: ukibadilisha neno kwa mkupuo, nusu ya waraka inabadilika na nusu inabaki vilevile bila wewe kujua.

Kwenye orodha ya hitilafu za programu hiyo nilikuta mtu ameshalalamika: "Kutafuta hakufanyi kazi." Msanidi mmoja, yaani mmoja wa waundaji wa programu hiyo, alimjibu kwamba kwake kunafanya kazi, akaomba maelezo zaidi, mambo yakaishia hapo. Wote wawili walisema kweli. Kilichokosekana ni njia ya kumwezesha msanidi kuiona hitilafu hiyo kwenye kompyuta yake mwenyewe, nami nikaamua kuitafuta.

Nilinakili waraka, nikafuta nusu ya nakala, nikajaribu tena. Hitilafu ikiwa bado ipo, nafuta nusu ya kilichobaki. Ikitoweka, narudisha nilichofuta na kuondoa nusu ile nyingine. Kazi hii inatisha kuliko ilivyo, maana hata kurasa 100 hufikia ukurasa mmoja kwa majaribio 7 hivi. Mwishowe nilibaki na mistari miwili yenye neno lilelile, mmoja unapatikana na mwingine haupatikani. Nilipokuza maandishi nikaona tofauti: katika mstari wa kwanza ritifaa, ile alama iliyo kati ya "ng" na "ambo", imenyooka, katika wa pili imepinda. Katika Unicode, mfumo unaoipa kila herufi na alama namba yake kwenye kompyuta, hizo ni alama mbili, U+0027 na U+2019, na hiyo iliyopinda hutumika pia kufunga nukuu. Tena hitilafu ilijitokeza tu pale chaguo la kutafuta neno zima lilipowashwa. Msanidi angeijuaje, ikiwa hakuna aliyemtajia chaguo hilo?

Sikuandika bado. Nilijaribu kwa akaunti mpya isiyo na viongezi (programu ndogo za nyongeza) wala mipangilio yangu, kisha kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi tofauti. Kote hali ni ileile. Halafu nikasakinisha toleo la zamani, na humo maneno yote yakapatikana. Naamini jaribio hilo la mwisho ndilo lililosaidia kuliko yote. Wasanidi wakijua toleo lililo zima na lililoharibika, wanaweza kugawa nusu kwa nusu mabadiliko yaliyofanywa kati yake. Git, programu ya kutunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, ina amri ya kazi hiyo, bisect, na mabadiliko 1,000 huhitaji majaribio 10 hivi tu kulipata badiliko lililoleta hitilafu.

Ndipo nikaandika. Kichwa cha ripoti: "Kutafuta neno zima kunaruka maneno yenye ritifaa iliyopinda (U+2019)." Chini yake hatua zote, kuanzia kufungua faili hadi kubofya Tafuta, kisha nilichotarajia, maneno mawili, na nilichopata, neno moja. Namba ya toleo niliinakili yote kutoka kwenye menyu ya Msaada. Kuandika "toleo jipya kabisa" hakusaidii, kwa sababu wiki ijayo litakuwa jingine. Niliambatisha faili ya mistari miwili. Waraka wenyewe sikuutuma, kwa kuwa ulikuwa na habari za watu, na mtu hana ruhusa ya kuanika habari za wenzake ili programu itengenezwe.

Dhana yangu kwamba programu inadhani neno limekatika kwenye alama ya kufunga nukuu niliiweka mwisho kabisa, nikaiita dhana. Ikichanganywa na yale uliyoyaona, msomaji anaweza kuifukuzia hiyo na kuacha ushahidi.

Msanidi alithibitisha hitilafu bila kuniuliza swali lolote. Marekebisho yalipowekwa kwenye toleo la majaribio nililisakinisha, nikarudia hatua zilezile kwa faili ileile, maneno yote mawili yakapatikana, nikamwandikia hivyo pamoja na namba ya toleo nililojaribia. Naye akageuza mistari ile miwili kuwa jaribio linalojiendesha kila programu inapojengwa upya. Wakati huohuo niligundua kwamba kikagua tahajia nacho kinayakata maneno hayo katikati. Hiyo niliifungulia ripoti yake peke yake, yenye hatua zake na faili yake.