Singeli Ilipovuka Nile

Septemba 2018, basi letu la kutoka Dar lilikuwa limeshaipita Nairobi habari zilipoanza kuingia kwenye simu: waziri wa maadili wa Uganda amelipiga marufuku tamasha la muziki la Nyege Nyege, analituhumu kueneza uasherati. Ilikuwa Jumanne. Tamasha lilikuwa lianze Alhamisi.

Dada wa Kikenya niliyekaa naye aliniuliza kama nitageuza. Nikamwambia hapana, naenda hadi Jinja, Uganda, na kama limefungwa kweli nitaliona geti lililofungwa kwa macho yangu.

Mimi ni mtoto wa Manzese, Dar. Singeli, muziki wetu wa uswahilini, nimeisikia ikizaliwa uchochoroni, vipande vya taarab vikikimbizwa kwenye kompyuta hadi mapigo 200 na ushee kwa dakika, MC akimwaga maneno bila kupumua. Kwenye vigodoro, sherehe za mtaani za usiku kucha, vijana walipiga hadi asubuhi, na wakubwa wakaiita kelele za wahuni. Miaka mingi hakuna promota mwenye ukumbi wa maana aliyetaka kuisikia.

Waliokuja kuisikiliza kwa makini walitokea Kampala. Derek Debru, Mbelgiji, na Arlen Dilsizian, Mgiriki mwenye asili ya Armenia, walianza na sherehe za usiku walizoziita Boutiq Electroniq. Mwaka 2015 wakaandaa Nyege Nyege ya kwanza kando ya Nile, kisha wakaanzisha lebo ya kutoa muziki. Mwaka 2017 lebo hiyo ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Mburahati, Dar, na watu wa Ulaya ambao hawajui daladala ya kwenda huko wakaanza kulitaja jina la mtaa ule. Ndiyo maana marufuku ile iliniuma. Niliona kama wanafungiwa wadogo zangu.

Jumatano, nikiwa Jinja, nilikuta kila mtu ana lake. Wa bodaboda walilaani, mwuza chapati alikuwa amekwisha kununua trei za mayai. Jioni ikatangazwa kwamba serikali imeruhusu, kwa masharti. Mwuza chapati alinikunjia rolex ya pili, ile chapati yao ya mayai, akakataa hela yangu.

Siku ya kuingia tulivuka mto kwa barabara ya juu ya bwawa, kwa sababu daraja jipya la nyaya lilikuwa halijafunguliwa, tukafika Njeru, kwenye eneo la Nile Discovery Beach. Matope, miti mikubwa, majukwaa yamejificha kila upande; unasikia ngoma kabla hujaona taa.

Singeli ilipigwa usiku mkubwa. Pale mbele walikuwepo Waganda, Wakenya, Wazungu, na dakika za mwanzo wengi walisimama tu, miguu haijui ianzie wapi. Kisha msichana mmoja akaacha kuifuata kasi, akaanza kurukaruka nusu ya mapigo, na wengine wakamwiga hadi uwanja mzima ukawa unaruka. MC alikuwa analalamikia kodi ya chumba kwa Kiswahili cha uswahilini kabisa, hakukipunguza wala kukisafisha kwa ajili ya wageni. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Sijawahi kujivunia Manzese namna ile.

Walipomaliza nilizunguka nyuma ya jukwaa, nikamkuta kijana mmoja anakunja waya za laptopu.

"Hongera sana, mdogo wangu. Nimetoka Manzese kuja kuwaona."

"Shikamoo, bro! Manzese kabisa?"

"Marahaba. Kabisa. Mmewaua."

"Umesikia besi lakini? Kule kwetu spika moja inakoroma, nyingine imekufa. Leo ndio nimeusikia muziki wangu wote."

Nilitaka kumwuliza mengi, lakini tayari alikuwa ametega sikio upande wa pili, ambako muziki wa Kiacholi wa kaskazini mwa Uganda ulikuwa umeanza, nao umepandishwa kasi kwa kompyuta kama wake.

"Hawa nao wanakimbiza!" akasema, akamkabidhi mwenzake laptopu, na tukaenda wote kucheza.