Kuku mzee akizubaa, si lazima iwe mdondo

Hapa Mikindani kuku akionekana amezubaa, jirani wa kwanza kupita atasema ni mdondo, yaani kideri, na wa pili atakwambia umchinje kabla hajafa. Nawaheshimu majirani zangu, lakini ugonjwa wa Mama Kishungi haukuwa wa kukisia.

Alikuwa mtetea wa kienyeji mwenye umri wa miaka mitano na ushee, mkongwe kuliko wote uani kwangu. Ilianza kwa kuacha kutaga, jambo la kawaida kwa umri wake. Halafu upanga wa kichwani ukapauka, akawa anasimama wima, miguu ameitanua, mkia ameushusha. Kula alikula. Hilo ndilo lililonitatiza: ukimwaga mahindi anakuja na kudonoa, lakini ukimshika, mfupa wa kidari unakuchoma kiganjani, huku tumbo kwa nyuma limejaa na linabonyea.

Mdondo hauendi hivyo. Mdondo ukiingia kwa kuku wasiochanjwa unafagia: kuku wanahema kwa shida, wanaharisha kijani, shingo zinapinda, na kwa siku chache banda limebaki tupu. Wangu nawachanja kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni, na wenzake walikuwa wanachakura kama kawaida. Jirani mmoja alishuku salfa, maana ilikuwa Julai na watu walikuwa wanapulizia mikorosho. Wazo la maana, ila kuku wote walishinda chini ya mikorosho ileile na aliyeugua ni mmoja tu, tena mzee.

Nikamkagua kipande kwa kipande. Nilipekua manyoya karibu na sehemu ya haja kutafuta utitiri na chawa, hakuna kitu. Magamba ya miguu yalikuwa yamelala vizuri. Gole, ule mfuko wa chakula shingoni, lilikuwa tupu alfajiri, kwa hiyo chakula kilikuwa kinashuka. Dawa ya minyoo haikubadilisha chochote. Nilishauriwa nimpe vidonge vya rangi mbili, nikakataa. Dawa ya binadamu kwa ugonjwa usiojulikana, kwa kuku ambao mayai yao yanaliwa na wajukuu, hapana.

Alipokufa nililia, kisha nikampigia bwana mifugo wa kata, nikamwomba aje ampasue.

Kisu kilipoingia tu, maji ya manjano yalimwagika. Ndani kulikuwa na mabonge kama kiini cha yai lililochemshwa, yamegandana na utumbo, yananuka. Bwana mifugo akanieleza taratibu. Kuku ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya kushoto. Kiini kikiiva kinatakiwa kidakwe na mrija wa mayai. Kikikosa, kinaangukia tumboni, na bakteria wakifika hapo kinageuka usaha. Kwenye ovari yenyewe kulikuwa na vinundu vigumu, vyeupe. Akasema huenda ni saratani, ila hilo huthibitishwa na maabara, si macho. Baadaye nikasoma kwamba mitetea wazee huota saratani ya ovari wenyewe, kiasi kwamba watafiti huwatumia kuchunguza ugonjwa huohuo kwa wanawake. Tangu hapo siwezi kumsikia mtu akisema "ni kuku tu".

Kwa hiyo nawaomba: akifa mmoja, mzee, aliyedhoofika polepole, mwiteni mtaalamu ampasue, mbali na wenzake, glovu mikononi, kisha mzikeni kwenda chini na mnawe kwa sabuni. Wakifa wengi kwa pamoja msiguse wala msipasue. Toeni taarifa, maana mafua ya ndege nayo yapo duniani.

Amebaki mwenzake wa rika lile, mweusi. Kila Ijumaa jioni, akishapanda kulala, nampapasa tumbo na kidari. Tumbo likishajaa namna ile hakuna tiba ya kutegemea; kumtoa maji humpa nafuu ya muda tu. Likianza kujaa, nitamwita bwana mifugo siku hiyohiyo, na kama hakuna la kufanya, nitaomba apumzishwe kabla hajaanza kuteseka.